Wazee Wetu na Nuru ya Ufukweni

Jioni moja tuliwapiga picha wazee wa msikiti wetu ufukweni Ujiji, ziwa likiwa nyuma yao. Jua lilikuwa likizama upande wa milima ya Kongo. Nyuso zikatoka nyeusi. Mmoja wao amekwisharejea kwa Mola wake, na wanawe wamebakiwa na kivuli.

Ndugu msomaji, ufukwe wetu unaelekea magharibi. Asubuhi, mpigaji alipe jua mgongo, na ziwa libaki nyuma ya mzee. Jioni mambo yageuzwe: mzee alielekee ziwa, mpigaji asimame upande wa maji. Adhuhuri, jua la utosini hutia macho giza; mkalishe chini ya mwembe. Omba idhini kwanza, kisha andika jina na tarehe. Ajali haingoji picha ya pili.