Barua za Duki Aliyepoteza Nchi

Tunapofundisha uandishi wa barua, wanafunzi hukariri anwani, tarehe, mtajo, kiini na tamati. Ni nadra kuwauliza: je, barua hiyo ikiangukia mikononi mwa mtu asiyekusudiwa? Mfano mzuri unapatikana Italia ya karne ya 19.

Francesco wa Tano alikuwa duki, yaani mtawala wa kurithi, wa Modena tangu mwaka 1846. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Mwezi Juni 1859, baada ya Waaustria waliomlinda kushindwa katika vita vya Magenta, aliihama Modena. Mwezi Machi 1860 kura ilipigwa na Modena ikaunganishwa na Ufalme wa Sardinia. Francesco aliandika kupinga jambo hilo, na hakukiacha cheo chake hadi alipofariki Vienna mwaka 1875.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Kabla ya 1859, sahihi ya duki chini ya waraka ilikuwa amri. Askari na makarani waliitekeleza. Baada ya hapo, sahihi ile ile ilikuwa dai tu. Umbo halikubadilika, bali uamilifu wake. Wanapragmatiki husema kuwa tamko hutenda kazi pale tu msemaji anapokuwa na mamlaka yanayotambuliwa.

Somo la pili linahusu nyaraka alizoziacha nyuma. Serikali mpya ya Luigi Carlo Farini ilizikusanya nyaraka za utawala wake, zikiwemo barua, ikazichapisha ili kuonyesha ubaya wa utawala huo. Gladstone, aliyekuwa Waziri wa Fedha wa Uingereza, alimshutumu duki Bungeni. Mwaka 1861 Normanby, aliyewahi kuwa balozi, alichapisha kijitabu cha kumtetea duki. Mtawala mmoja, hukumu mbili.

Hivyo basi, pamoja na mwandishi na mwandikiwa, barua iliyochapishwa ina mhusika wa tatu: aliyeichagua. Tumzoeze mwanafunzi kuuliza ni nani aliyeichagua, kwa lengo gani, na ni barua zipi zilizoachwa. Kufanya hivyo si kumtakasa mtawala. Ni kusoma kwa haki.

Jina la Este lilirithiwa na Franz Ferdinand, yule aliyeuawa Sarajevo mwaka 1914. Jina lilirithiwa, nchi haikurudi.