Kisukari, Uzito na Moyo

Wengi wetu tunajua kisukari huharibu macho na miguu. Lakini mara nyingi kinachoua ni moyo: sukari ikizidi huumiza mishipa ya damu, mafuta hujikusanya humo, na njia ya damu huwa nyembamba.

Basi tufanyeje? Mtu mnene wa kilo 80 akipunguza kilo 4 hadi 8 pole pole, sukari na presha hushuka. Nusu ya sahani iwe sukuma wiki au managu, robo ugali, robo maharagwe au samaki. Chumvi ya siku nzima isipite kijiko kimoja cha chai.

Hata tukipungua, dawa tusiache wenyewe. Anayedunga insulini amwone daktari kwanza. Akipunguza chakula bila kupunguziwa dawa, sukari yaweza kushuka mno akazirai.