Kati ya Bati na Utosi

Saa nane mchana, ingia chumba cha mabati Kawangware, Nairobi, pale nyuma ya stendi ya matatu za namba 46, usimame katikati. Mlango uko wazi, upepo unapita, hewa yenyewe si mbaya. Lakini utosi unaungua. Joto hilo halikuletwa na hewa. Linashuka kutoka kwenye bati kwa mionzi, vile makaa yanavyokupasha uso hata ukikaa mbali na jiko.

Tupige hesabu. Bati lililopigwa na jua hufika nyuzi 60 bila taabu, na likishachakaa na kushika kutu hutoa karibu mionzi yote ambayo kitu cha joto hilo kinaweza kutoa. Chumba cha kupanga kwa kawaida ni futi 10 kwa 10, mita za mraba 9 na kidogo. Ukiondoa kile ambacho sakafu, kitanda na wewe mwenyewe mnarudisha juu, zinabaki takriban wati 2,000. Ni kama pasi mbili za umeme zimening'inizwa darini zikikutazama.

Ndiyo maana taarifa ya hali ya hewa huwafanya wengi wagune. Mwaka 2017 jarida la PLOS ONE lilichapisha vipimo vilivyochukuliwa Kibera, Mathare na Mukuru, na mitaa hiyo ilikuwa na joto zaidi, kwa nyuzi kadhaa, kuliko kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti Corner. Kituo hicho na Kawangware ni majirani, lakini chenyewe kimekaa penye nyasi.

Usiku mambo hugeuka. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya bahari, na Julai baridi yake haina utani. Anga likiwa wazi, bati hupoteza joto kuelekea juu hadi liwe baridi kuliko hewa iliyo chini yake. Mvuke wa sufuria ya jioni na pumzi za watu wanne waliolala unapanda, unaligusa, unageuka maji. Alfajiri tone linakuangukia shavuni na unaapa kwamba paa linavuja. Halivuji. Bati la geji 30 halifiki unene wa nusu milimita. Haliwezi kutenganisha ndani na nje, kwa hiyo linatoa jasho.

Basi uweke nini hapo katikati? Dawa ya kwanza ya Kibera ni kitambaa: shuka nyeupe au pazia la lesi lililovutwa kwa kamba kutoka ukuta hadi ukuta, na katoni zilizokunjuliwa juu yake. Wageni hudhani ni urembo tu. Kifizikia ni kazi nzuri. Kizuizi kimoja, hata chembamba, kikikaa kati ya bati na watu hupunguza mionzi ya joto hadi karibu nusu, na katoni hushika hewa tuli ndani ya mikunjo yake. Ubaya wake ni moto. Vyumba vingi vya safu moja hushiriki paa moja, na kuta za kati hazifiki juu, hivyo mwali ukishika kitambaa cha jirani husafiri juu ya vichwa vyenu kabla hujasikia harufu.

Plaiwudi ya milimita 4 inapendeza, lakini kwa joto haiizidi shuka sana. Lile povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya huzuia joto vizuri mno, ila hulainika karibu nyuzi 100, kisha huwaka na kutoa moshi mzito mweusi. Mimi nisingelala chini yake katika chumba chenye stovu ya mafuta ya taa. Jipsamu ni kinyume chake: karibu moja ya tano ya uzito wa madini yake ni maji yaliyofungwa ndani, na moto ukifika hayo maji hugeuka mvuke kwanza, hivyo upande wa pili hukawia kupata joto. Lakini ubao wake wa milimita 9 una karibu kilo 7 kwa kila mita ya mraba, na boriti nyembamba za mikalitusi hazikuwekwa kwa mzigo huo. Tena, jasho la bati likiudondokea kila alfajiri, unavimba na kushika ukungu.

Kwenye makanisa na madarasa ya mabati yaliyosimama juu ya nguzo, huo uzito una faida yake. Mvua ikinyesha, kelele za bati humnyamazisha mwalimu. Kinachozuia sauti ni kilo, na povu halina kilo.

Kwa chumba cha kulala mimi ningeanza na karatasi ya alumini. Inapong'aa hutoa karibu moja ya ishirini tu ya mionzi ambayo bati lenye kutu lingetoa. Zile wati 2,000 hushuka hadi mia hivi, ukiongeza kidogo kinachopita kwa hewa. Masharti ni mawili, na mafundi wengi huyakosea. Lazima pawe na nafasi ya sentimita mbili tatu kati yake na bati. Ikigusana nalo, joto hupita moja kwa moja. Na upande unaong'aa utazame chini, kwa sababu ukitazama juu utafunikwa na vumbi, na vumbi halijui kung'aa. Brazili, watu wa chuo kikuu cha Unicamp walikuwa na mradi wa kufungua pakiti za maziwa ya muda mrefu, ambazo zina alumini ndani, na kuziunganisha ziwe dari ya nyumba za watu maskini. Pakiti kama hizo zimejaa kwenye mitaro ya Laini Saba, Kibera.

Chochote utakachochagua, usikizibe kabisa. Acha tundu chini ya kilele cha paa, pande zote mbili, uweke wavu, mvuke upate pa kutokea.

Na kama umepanga, usipigilie misumari. Mwenye ploti halali chini ya bati hilo, na ukihama dari yako itabaki kuwa yake. Tengeneza fremu za mbao za futi 5 kwa 5, nne zinatosha chumba, uzifunge kwa skrubu. Siku ya kuhama zinapangwa juu ya mkokoteni, kati ya godoro na meza.