Shule za Mkataba na Urithi wa Tabora: Namna Shule ya Umma Inavyomlea Kiongozi

Na Mwandishi Wetu, Tabora

Kila mwaka ofisi ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa (TAMISEMI) inapotangaza majina ya wanafunzi waliochaguliwa kujiunga na Kidato cha Kwanza na Kidato cha Tano, swali la kwanza la wazazi huwa moja: mtoto amepangiwa shule gani? Swali la pili huulizwa kwa nadra, nalo ni shule hiyo inaendeshwaje, nani anawajibika kwa nani, na mtoto atajifunza nini zaidi ya masomo ya darasani. Makala haya yanahusu swali hilo la pili.

Katika mijadala ya elimu duniani, mfumo unaotajwa mara nyingi ni ule wa shule za mkataba. Asili yake ni Marekani, ambako Jimbo la Minnesota lilitunga sheria ya kwanza ya aina hiyo mwaka 1991, na shule ya kwanza ikafunguliwa katika mji wa St. Paul mwaka 1992. Shule ya mkataba ni shule ya umma. Hailipishi ada, na fedha za Serikali huifuata kulingana na idadi ya wanafunzi. Tofauti yake ni kwamba haiendeshwi na ofisi ya elimu ya eneo husika, bali na bodi yake yenyewe, kwa mkataba wa miaka michache unaotaja matokeo ambayo shule imeahidi kuyafikia. Bodi hupewa uhuru mpana wa kuajiri walimu, kupanga ratiba na kuchagua mbinu za kufundisha. Waombaji wakizidi nafasi, kwa kawaida hupigwa kura ya bahati nasibu. Mkataba ukiisha bila ahadi kutimizwa, mamlaka iliyoutoa inaweza kukataa kuuhuisha, na shule ikafungwa. Nyingi zimejitambulisha kwa malezi ya tabia na uongozi, na zimo zilizosifiwa kama zilivyomo zilizofungwa.

Tanzania haina sheria ya shule za mkataba. Hata hivyo, mwananchi anayefuatilia elimu atatambua baadhi ya viungo vya mfumo huo katika shule zetu za Serikali, kwa majina mengine. Tangu Januari 2016, utekelezaji wa elimu bila ada ulipoanza hadi Kidato cha Nne, fedha za fidia ya ada na ruzuku ya uendeshaji huingizwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Mwaka 2022 Serikali ilifuta pia ada ya Kidato cha Tano na cha Sita. Shule ya sekondari ina bodi yake, inayotambuliwa na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, na Mkuu wa Shule hutoa taarifa mbele yake. Aidha, anayesimamia uendeshaji siye anayepima ubora: shule ziko chini ya Halmashauri, ilhali Wathibiti Ubora wa Shule wako chini ya Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia. Kinachokosekana ni mkataba wenye ukomo. Shule ya Serikali isiyofanya vizuri haifungwi, hurekebishwa, na kwa kata yenye shule moja tu ya sekondari hilo ni jambo la maana sana.

Kuhusu malezi ya uongozi, Tabora ina historia ndefu. Kabla ya reli kufika hapa mwaka 1912, mji huu, uliojulikana pia kwa jina la Kaze, ulikuwa njia panda ya misafara: kutoka Bagamoyo ukielekea magharibi hadi Ujiji, na kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Katika misafara hiyo, iliyobeba pembe na bidhaa na kwa masikitiko ikasafirisha pia watumwa, wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa na utaratibu wao. Aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi. Alishika bendera, alijua njia, maji na mahali pa kupiga kambi. Msafara kutoka pwani ulichukua takribani miezi mitatu, na kirangozi asiyejua kisima kilipo aliwaponza wote waliokuwa nyuma yake. Neno lenyewe halikutoka mbali na kiongozi wa leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 utawala wa Kiingereza ulifungua Tabora shule ya bweni ya wavulana, ambayo leo ndiyo Shule ya Sekondari ya Wavulana Tabora. Nia yake haikufichwa. Ilikuwa kuwaandaa watoto wa machifu, ili wakoloni wawatawale wananchi kwa kuwapitia wao. Ilifuata mtindo wa shule za bweni za tabaka la juu la Uingereza, zenye mabweni yanayoshindana, viranja, michezo ya lazima na nidhamu kali.

Julius Kambarage Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alifika hapo mwaka 1937 akitokea Mwisenge, Musoma. Waandishi wa wasifu wake wanaeleza kwamba walimu walimpendekeza awe kiranja mkuu, lakini mkuu wa shule akalikataa pendekezo hilo kwa maelezo kwamba kijana huyo alikuwa mpole mno kwa nafasi hiyo. Kisa hiki kinastahili kutazamwa kwa makini na kila mwalimu anayeteua viranja. Kipimo kilichotumika kilikuwa ukali, nacho kilimpita mtu aliyekuja kuliongoza Taifa kwa zaidi ya miaka 20.

Shule hiyo ilipitiwa pia na Rashidi Kawawa, Oscar Kambona na Chifu Abdallah Said Fundikira, aliyekuwa Waziri wa Sheria katika Baraza la Mawaziri la Tanganyika huru. Hawakubaki pamoja katika siasa. Kambona aliondoka nchini mwaka 1967, na Fundikira alirejea ulingoni katika upinzani mfumo wa vyama vingi uliporudi. Kusoma shule moja hakukuwafanya wafikiri namna moja, na pengine hiyo ni sifa kwa shule.

Lililo zito zaidi ni kwamba mhitimu mashuhuri wa shule hiyo ndiye aliyeandika hoja kali dhidi ya elimu ya kujitenga. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, uliotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alipinga elimu inayomwondoa kijana katika jamii yake na kumfanya ajione bora kuliko wakulima waliomsomesha. Alitaka shule iwe jamii inayofanya kazi, yenye shamba, na wanafunzi washiriki kuamua mambo yanayowahusu. Wakati huo utawala wa machifu ulikwisha kufutwa, na nafasi Tabora haikuwa tena ya kurithi.

Leo Tabora Wavulana na Tabora Wasichana ni miongoni mwa shule za Serikali zinazopokea wanafunzi wenye ufaulu wa juu kutoka mikoa yote, sambamba na Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala na Msalato. Gwaride bado ni alama ya Tabora Wavulana machoni pa wengi, lakini mwenye kutafuta kiini cha malezi ya uongozi akitazame chombo kisicho na shamrashamra: serikali ya wanafunzi.

Chombo hicho kipo katika shule zote za sekondari. Wanafunzi hupendekeza na kupiga kura, na walimu huwachuja wagombea na kuidhinisha. Kiranja mkuu husimamia viranja wa taaluma, chakula, afya, mazingira na michezo. Tuchukue kiranja wa chakula katika shule ya bweni. Hushuhudia maharage na unga vikipimwa stoo, huona kama kipimo kimetimia, na jioni hujibu maswali ya wenzake mamia kadhaa wenye njaa. Akinyamaza kwa hofu au kwa upendeleo, watajua siku hiyo hiyo. Hakuna somo la uraia linaloweza kumfundisha hivyo. Baraza la wanafunzi nalo huwapa wote nafasi ya kueleza kero mbele ya uongozi wa shule.

Mipaka ya madaraka hayo ieleweke. Kiranja hana mamlaka ya kumchapa mwenzake wala kumpa adhabu ya kumdhalilisha. Kwa mujibu wa kanuni, adhabu ya viboko ni ya Mkuu wa Shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye. Shule inayowaachia viranja fimbo imejirudisha kwenye kipimo kile kile cha ukali, na mzazi anayesikia habari za namna hiyo ana haki ya kuzifikisha kwenye bodi.

Wanafunzi wengi wa Mkoa wa Tabora hawasomi katika shule hizo mbili. Wako katika shule za kata za Uyui, Sikonge, Urambo, Kaliua, Nzega na Igunga, ambako baadhi yao hutembea mwendo mrefu kila asubuhi. Huko serikali ya wanafunzi huweza kubaki majina ya viranja yaliyobandikwa ukutani. Kuifufua hakuhitaji jengo jipya. Kunahitaji uchaguzi unaofanyika kwa wakati, baraza linalokaa na kuandika kumbukumbu, klabu za Skauti na za wapinga rushwa zenye mwalimu mlezi, na Mkuu wa Shule aliye tayari kujibu hoja za wanafunzi.

Mzazi anayetaka kujua hali ya shule ya mtoto wake aanzie kwenye mkutano wa wazazi, ambako ruzuku iliyopokelewa na matumizi yake huelezwa. Hoja isiyopata majibu hupelekwa kwenye bodi ya shule, kisha kwa Afisa Elimu Sekondari wa Halmashauri husika.