Mawimbi ya Nuru na Ngozi ya Mtoto



Siku moja baada ya ibada, mama mmoja wa usharika wetu alinijia pamoja na mwanawe mwenye ualbino. Shingo ya mtoto ilikuwa imebabuka. Mama akasema, "Mwalimu, jana kulikuwa na mawingu na upepo wa baridi, wala mtoto hakulalamikia joto. Ameunguaje?" Swali hilo ni jema, na jawabu lake limo katika elimu ya mawimbi ya nuru.

Mtazameni baba aendaye kanisani na mtoto wake mdogo, wakifuatana sawasawa. Hatua za baba ni ndefu, nazo ni chache. Za mtoto ni fupi, nazo ni nyingi. Walakini hufika pamoja. Ndivyo yalivyo mawimbi ya nuru na jamaa zake. Yapitapo mahali patupu, yote yana mwendo mmoja, yapata kilometa 300,000 kwa sekunde. Basi ukizidisha urefu wa wimbi kwa hesabu ya mawimbi yapitayo katika sekunde moja, wapata mwendo ule ule. Urefu ukipungua nusu, hesabu huongezeka mara mbili.

Wimbi la redio lenye urefu wa meta 3 hutetemeka mara milioni 100 kwa sekunde. Wimbi la nuru ni fupi mno: ukiigawa milimeta moja katika sehemu 1,000,000, wimbi la rangi nyekundu huchukua sehemu kama 700, na la urujuani kama 400.

Mwaka 1800, huko Uingereza, William Herschel aliitawanya nuru ya jua kwa kioo cha pembe tatu, akaweka kipimajoto ng'ambo ya wekundu, mahali pasipoonekana nuru, joto likapanda. Mwaka 1801, huko Ujerumani, Johann Ritter akatafuta ng'ambo ya urujuani. Chumvi ya fedha aliyoiweka pale ikageuka nyeusi upesi.

Basi jua lina miali ya namna mbili tusiyoiona. Ile yenye mawimbi marefu kuliko wekundu twaisikia kuwa joto. Ile yenye mawimbi mafupi kuliko urujuani hatuisikii, nayo ndiyo ibabuayo. Kwa maana kadiri mitetemo inavyozidi, ndivyo kila punje ya nuru inavyochukua nguvu zaidi, hata kuidhuru ngozi. Wingu jembamba hupunguza joto, lakini huacha sehemu kubwa ya miali hiyo ipite. Mtoto mwenye ualbino amepungukiwa na rangi ya kumkinga, na kuungua mara kwa mara huweza kumletea saratani ya ngozi.

Enyi wazazi na walimu, msiupime ukali wa jua kwa joto lake. Mvikeni mtoto kofia pana na nguo ya mikono mirefu, hata siku ya mawingu, na mchana awekwe kivulini. Mungu aliyetupa nuru ametupa na akili ya kuijua. Tuitumie kwa ajili ya hawa wadogo.