Kiwanja Kisiuzwe kwa Ajili ya Uzamivu

Kijana anapohitimu shahada ya kwanza ya hisabati au fizikia, akasema anataka kusoma hadi uzamivu, nyumba nyingi huingiwa na hofu. Baba huwaza kiwanja atakachouza. Mama huuliza ndoa itakuwa lini, hasa ikiwa mwenye nia hiyo ni binti. Hofu zote mbili zinaeleweka, lakini katika fani moja, ile ya kwanza mara nyingi haina msingi.

Fani hiyo ni ya modeli za kihesabu na uigaji wa kompyuta. Mtafiti huchukua jambo lisilowezekana kufanyiwa majaribio, kama vile mafuriko au mkondo wa bahari, akalieleza kwa milinganyo, kisha kompyuta ikaonyesha litakavyokwenda. Asili yake si ngeni kwetu, kwani neno algorithi limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Manufaa yake pia tunayaona. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ronald Ross, aliyethibitisha kuwa malaria huenezwa na mbu, alionyesha kwa hesabu kwamba si lazima kuangamiza kila mbu. Wakipungua chini ya kiwango fulani, maradhi hufifia.

Wazazi wafahamu tofauti hii: katika shahada ya kwanza mzazi hulipa, ilhali katika uzamivu wa sayansi, vyuo vingi humlipa mtafiti. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mfalme Abdullah, kilichofunguliwa mwaka 2009 huko Thuwal, kaskazini mwa Jeddah, huwapa wanafunzi wa uzamivu ada kamili, posho, makazi na matibabu, nacho kina kompyuta kuu iitwayo Shaheen. Nchini Uholanzi, watafiti wengi wa uzamivu ni waajiriwa wenye mshahara. Karibu na nyumbani, Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha hufundisha fani za hisabati na kompyuta hadi uzamivu. Asiye na uzamili anaweza kuanzia AIMS, mtandao wa vituo vya hisabati ulioanza Afrika Kusini mwaka 2003 na ambao sasa una kituo Rwanda pia.

Milango hiyo haifunguki kwa fedha za wakala. Mwombaji asome kazi za profesa anayetafiti jambo analolipenda, kisha amwandikie barua fupi ya kueleza swali lake na alichokwisha kukifanya. Awe na msingi imara wa hesabu, na ajizoeze kuandika programu. Barua ya kukubaliwa ikifika, familia iulize: ufadhili uko wapi, ni wa miaka mingapi, na unagharimia nini? Kukubaliwa ni jambo moja na kufadhiliwa ni jingine. Asiye na la pili asifunge safari.

Ama kuhusu ndoa, utafiti huchukua takriban miaka 3 hadi 5. Mchumba aelezwe mapema, na makubaliano yawekwe wazi mbele ya wazee wa pande zote mbili.

Kiwanja kibaki. Binti anachohitaji ni ruhusa, dua na subira ya wazazi wake.