Askari wa uwanja wa ndege anaruhusiwa kukupekua mpaka wapi?

Ilikuwa Oktoba 2, 2020. Ndege ya Qatar Airways namba QR908 ilikuwa imejiandaa kuondoka Doha kwenda Sydney, Australia, abiria wameshakaa kwenye viti vyao. Ghafla wanawake wakaambiwa washuke na pasipoti zao. Kwa nini? Hakuna aliyewaambia.

Huko chini walikuta magari ya wagonjwa yamepaki. Baadhi yao wakaingizwa ndani, wakakuta muuguzi na kitanda, wakaambiwa wavue nguo za ndani. Wakakaguliwa sehemu za siri. Wengine walikuja kusema walidhani wanatekwa.

Sababu walikuja kuijua baadaye. Mtoto mchanga wa kike alikuwa ameokotwa kwenye pipa la taka chooni, hapo hapo uwanja wa Hamad, na wakuu wa uwanja walikuwa wanamsaka aliyejifungua. Mtoto alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini wanawake wa ndege 10 walishushwa siku ile, na kwenye hiyo ya Sydney peke yake walikuwa 18, wakiwemo raia 13 wa Australia. Mama mwenyewe hakuwemo. Alikuwa ameshaondoka nchini.

Habari ilipotoka hadharani mwishoni mwa mwezi huo, dunia nzima ilipiga kelele. Serikali ya Qatar iliomba radhi, na ofisa mmoja wa uwanja alipewa kifungo cha nje.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu wengi wetu tunapita njia hiyo hiyo. Ukitoka Dar, Zanzibar au Nairobi kwenda Ulaya, Marekani au China, kuna uwezekano mkubwa ukabadilisha ndege Doha, Dubai au Addis Ababa. Na swali lililowakuta wale wanawake linaweza kukukuta na wewe: huyu anayeniambia nivue, ana mamlaka hayo?

Ukaguzi wa kawaida ni upi?

Kukaguliwa kwenyewe hakuna mjadala. Nchi zote zilizo kwenye mkataba wa anga wa kimataifa zina wajibu wa kuhakikisha silaha na vilipuzi haviingii kwenye ndege. Ndiyo maana pale JKIA Nairobi unashushwa kwenye gari kabla hata hujafika jengo la abiria, na Dar mzigo wako unapita kwenye mashine mlangoni. Sheria ya vimiminika vya mililita 100 nayo ilikuja baada ya polisi wa Uingereza kuvunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji, Agosti 2006.

Zile mashine za kusimama umeinua mikono zilisambaa zaidi baada ya Krismasi ya 2009. Siku hiyo kijana mmoja kutoka Nigeria alijaribu kulipua ndege iliyokuwa inakwenda Detroit, bomu kalishonea kwenye chupi. Mashine ya kawaida ya chuma isingeliona.

Hapo ndipo vita ya faragha ilipopamba moto. Baadhi ya skana za mwanzo zilizofungwa Marekani zilikuwa zinamwonyesha ofisa umbo lako karibu kama ulivyozaliwa. Watu waligoma, wakaenda mahakamani, Bunge lao likaingilia kati. Kufikia katikati ya 2013 zile zilizoshindwa kuficha picha ya mwili ziliondolewa. Za siku hizi zinaonyesha kikatuni tu, kinachofanana kwa watu wote, na kiboksi cha rangi mahali penye shaka.

Tatizo ni kwamba kiboksi hakijui kutofautisha. Pedi, kilemba, nywele nyingi zilizosukwa, hata jasho, vyote vinaweza kuifanya mashine ilie. Ikilia, mkono wa mtu ndio unafuata.

Mstari uko wapi?

Ukitaka kujua kama askari amevuka mstari, jiulize jambo moja: anatafuta nini?

Akitafuta kitu cha kudhuru ndege, anaweza kukupapasa juu ya nguo, kukuomba uvue viatu, mkanda na koti, na kufungua begi lako. Inakera, ila ndiyo kazi yake. Anapotafuta jambo lingine, mfano nani kafanya kosa fulani pale uwanjani, hapo si usalama wa ndege tena. Huo ni upelelezi wa polisi. Upelelezi una taratibu zake: uambiwe unashukiwa kwa lipi, na kama mwili wako utapimwa, apime daktari kwa ridhaa yako au kwa amri ya kisheria. Wale wanawake wa Doha hawakushukiwa hata mmoja kwa jina lake. Walishushwa kwa sababu ni wanawake, basi.

Kwetu sheria inasema hivi. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya inampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutopekuliwa mwili wake, nyumba yake wala mali yake. Ibara ya 16 ya Katiba ya Tanzania nayo inalinda nafsi ya mtu na maisha yake binafsi. Haki hizi zina mipaka, kwa hiyo usiende kumsomea askari katiba kwenye foleni ukadhani atakupisha bila kukagua. Lakini sheria za mwenendo wa makosa ya jinai za nchi zote mbili ziko wazi kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenzake, kwa staha.

Kumbuka kitu ambacho wasafiri wengi hawakijui: ukiwa transiti, sheria inayokuhusu ni ya nchi ile uliyosimama, hata kama pasipoti yako haijagongwa muhuri. Katiba yako umeiacha nyumbani.

Ukivutwa pembeni

Kwanza uliza, kwa sauti ya kawaida, unakaguliwa kwa sababu gani. Omba ofisa wa jinsia yako. Omba chumba cha faragha, na uombe mwenzako au ofisa wa pili awepo kama shahidi. Kwenye viwanja vya Marekani haya yote yanaruhusiwa, na unaweza pia kuikataa skana ukakaguliwa kwa mkono. Kwa dada anayevaa hijabu, hicho chumba ndicho cha kuomba kabla hujagusa hata pini.

Ukiambiwa uvue nguo za ndani, simama hapo. Sema hukubali, omba aje daktari au msimamizi, omba kuwasiliana na ubalozi wako. Kugoma kunaweza kukukosesha ndege, tusidanganyane. Ila ukikubali kwa kuogopa kuchelewa, kumbuka hata hivyo kuandika saa, lango, namba ya ndege na jina au namba ya kifuani ya ofisa. Usimpige picha, viwanja vingi vinakataza kupiga picha sehemu ya ukaguzi.

Hizo kumbukumbu zina kazi. Wanawake watano kati ya wale Waaustralia walifungua kesi mahakamani kwao dhidi ya shirika la ndege, mamlaka ya anga ya Qatar na kampuni inayoendesha uwanja. Hoja mojawapo ilikuwa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaolibana shirika kwa madhara yanayompata abiria ndani ya ndege au wakati wa kupanda na kushuka. Kenya na Tanzania nazo zimo kwenye mkataba huo.

Aprili 2024 jaji aliitupa kesi dhidi ya shirika, akisema yaliyotokea ndani ya gari la wagonjwa hayakuwa sehemu ya kupanda wala kushuka. Mamlaka ya anga nayo ilitoka kwa kinga ya dola. Wanawake wakakata rufaa, na Julai 2025 majaji wa rufaa wakasema suala la shirika halikupaswa kufungwa mapema hivyo. Lisikilizwe kwanza, ushahidi utolewe.